Laini Isiyo na Kadi na Msafiri wa Baraka: Uhakiki wa Lugha ya Maelekezo

Uhakiki wa Kiswahili umezoea ushairi, riwaya na tamthilia. Karatasi inayomwelekeza mtu jinsi ya kumeza dawa, kuendesha mashine au kutumia simu huachwa kando, kana kwamba si matini. Hata hivyo, hiyo ndiyo matini ambayo kosa lake la lugha humgharimu msomaji papo hapo. Asiyeelewa ubeti hakosi chombo cha safari. Asiyeelewa maelekezo ya simu yake huweza kushuka bandarini Kigoma usiku, mwenyeji wake hajulikani aliko, na simu iko mkononi haina mtandao.

Makala haya yanahakiki aina moja tu ya maelekezo hayo: yale ya kuweka na kuanzisha laini ya simu isiyo na kadi, iitwayo eSIM, ambayo msafiri hununua kabla ya kuvuka mpaka. Msomaji anayezingatiwa ni mtu wa Fizi au Baraka, katika Kivu ya Kusini, anayejiandaa kwenda Kigoma, Dar es Salaam, Bujumbura au mbali zaidi. Hoja ni kwamba maelekezo hayo, jinsi yanavyosomeka kwa Kiswahili, hurundika matendo matatu tofauti chini ya kitenzi kimoja, na kwamba Kiswahili cha watu wa ziwa kina maneno ya kuyatenga.

Inafaa kwanza ieleweke kitu chenyewe. Kadi ya SIM ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Kijerumani ya Giesecke & Devrient kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Finland. Tangu hapo, kubadili mtandao kulikuwa kubadili kadi: unafungua simu, unatoa kimoja, unatia kingine, na kile cha kwanza unakifunga katika pindo la kitenge kisipotee. Mwaka 2016, GSMA, umoja wa makampuni ya simu za mkononi duniani, ulitoa kanuni za laini isiyo na kadi kwa vifaa vya watu binafsi. Chipu hugandishwa ndani ya simu kiwandani, na yale yaliyokuwa yakiandikwa kwenye kadi huletwa kwa njia ya intaneti. Mwaka 2017 Google ilitoa Pixel 2 yenye uwezo huo, na mwaka 2022 Apple ilianza kuuza nchini Marekani simu za iPhone 14 zisizo na tundu la kadi kabisa.

Huenda msomaji akauliza, haya yanamhusu nini mtu wa Baraka? Mwenye simu ya vitufe hayamhusu, hilo ni kweli. Lakini historia ya Fizi imewatawanya watu wake. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha ziwa wengi. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na kutoka kambi hiyo maelfu wamehamishiwa Marekani na nchi nyingine. Jamaa hao hutuma simu nyumbani. Simu iliyonunuliwa Marekani baada ya 2022 huweza kufika Baraka haina mahali pa kutia kadi, na tena huweza kuwa imefungwa na kampuni iliyoiuza isikubali laini ya kampuni nyingine. Kwa aliyepokea zawadi ya namna hiyo, laini isiyo na kadi si anasa ya watalii. Ni njia pekee ya kuifanya simu iwe simu.

Sasa lugha. Neno lenyewe la simu linajulikana kuwa lilitoka Kiajemi, likimaanisha waya. Waya zilipotoweka, jina lilibaki. Kisha likaja laini, ambalo Tanzania na Kenya ndilo jina la kadi ya SIM, nalo kwa asili ya Kiingereza ni mstari, yaani waya ule ule umerudi kwa mlango mwingine. Leo kadi nayo inatoweka, na laini inabaki. Kwa hiyo jina lililokuwa si sahihi sana kwa kipande cha plastiki limekuwa sahihi kabisa kwa kitu kisichoshikika. Upande wa Kongo hali ni tofauti kidogo: athari ya Kifaransa imeleta karte, na mtu wa Baraka anayesema anabadili karte hawezi kuichukua sentensi hiyo akaipeleka kwenye eSIM bila kujipinga, kwa sababu hakuna karte. Hapa Kiswahili cha ng'ambo kina la kumwazima, na laini inastahili kupokelewa.

Ama kuhusu jina eSIM, anayetaka kulitohoa kwa kufuata kanuni za matamshi ya Kiswahili atapata isimu. Taaluma ya lugha itajikuta inauzwa dukani kwa gigabaiti. Kwa ajili hiyo, na si kwa kuipenda herufi ndogo iliyotangulia, makala haya yanaliacha jina hilo kama lilivyo, au yanasema laini isiyo na kadi.

Tatizo kubwa, lakini, liko kwenye vitenzi. Maelekezo ya namna hii hutumia kuamilisha pale Kifaransa kinaposema activer. Kitenzi hicho kina nasaba njema: ni mwana wa amali, na katika maandishi ya sayansi kimefanya kazi nzuri. Watetezi wake watasema kwamba istilahi moja kwa dhana moja ndiyo kanuni, na kwamba Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, kilichotolewa na TUKI mwaka 1992, kimewafundisha wengi kuithamini kanuni ya namna hiyo. Hakuna anayewapinga. Shida ni kwamba hapa dhana si moja. Kuna tendo la kuileta laini ndani ya simu, ambalo hudai intaneti na kwa hiyo hufaa lifanyike nyumbani kabla ya safari. Kuna tendo la kuiwasha laini iliyokwisha kuwekwa, ambalo hufanyika katika mipangilio ya simu na laweza kurudiwa mara nyingi. Na kuna kuanza kwa muda ulionunuliwa, ambako si tendo la msafiri hata kidogo: kwa wauzaji wengine siku huanza kuhesabiwa laini inapowekwa, kwa wengine inaposhika mtandao wa nchi ya kwendwa kwa mara ya kwanza. Matendo yote matatu yakiitwa kuamilisha, msafiri huambiwa “amilisha kabla ya kusafiri” na “laini yako itaamilika ukifika” katika ukurasa mmoja. Akitii sentensi ya kwanza huenda akapoteza siku tatu bado yuko Baraka akingoja mashua. Akitii ya pili huenda akafika Kigoma, hana intaneti ya kuipatia laini ambayo ndiyo ingempa intaneti.

Mzunguko huo wa mwisho ndio jambo ambalo msafiri wa mara ya kwanza halitambui, na ni ajabu kwamba aghalabu maelekezo huliweka mwishoni, kwa maandishi madogo. Mzee anayemwelekeza kijana safari ya ziwa haanzi na mandhari ya Kigoma. Huanza na yale yasiyoweza kufanywa tena chombo kikishang'oa nanga.

Kongo ina ufumbuzi wake wa haraka. Kitenzi cha Kifaransa huvishwa kiambishi ku- kikaendelea na safari: kuaktive. Msanifishaji atakunja uso, lakini ukweli usemwe: kuaktive hakuna ubaya zaidi ya kuamilisha, kwa sababu vyote viwili vina kasoro ile ile. Kimoja kimekopwa Kifaransa na kingine Kiarabu. Hakuna kinachomwambia msikilizaji mkono wake ufanye nini. Kuweka, kuwasha na kuanza kuhesabiwa, maneno matatu ya kila siku, yanamwambia. Laini inawekwa nyumbani, inawashwa ng'ambo, siku zake zinaanza kuhesabiwa wakati ambao muuzaji anapaswa kuutaja kwa sentensi nzima. Kigezo cha uwazi, ambacho wanaistilahi hukisifu, hapa kinatoshelezwa bila kuunda hata neno moja.

Kitenzi cha pili kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni kupakua. Kimekubalika kwa tendo la kuleta kitu kutoka kwenye intaneti, na kinyume chake ni kupakia. Watungaji wake walikuwa na sikio zuri. Lakini picha iliyo ndani yake si moja, ni mbili, na ufukweni Baraka zote mbili ziko hai. Kuna kupakua kwa mwenye chombo: mzigo uko ndani, unatolewa nje. Na kuna kupakua kwa mpishi: ugali uko chunguni, unaletwa sahanini. Mtu akiichukulia simu yake kama chombo, laini inayoingia ndani yake imepakiwa, haikupakuliwa. Samaki na mchele unaoingia mashuani hupakiwa. Akiichukulia simu kama sahani, imepakuliwa. Mfumo wa intaneti umechagua chungu, nayo ni haki yake. Walakini mtu aliyekulia kwenye mashua si mjinga akiuliza kwa nini kitu kinachoingia kinaitwa kinachotoka. Mfano mmoja wa chungu, ukitolewa mapema, ungetosha kuondoa swali hilo; maelekezo hayautoi, kwa kuwa mfasiri hakujua kwamba alikuwa amechagua.

Kuna neno jingine ambalo hasara yake ni ya fedha taslimu. Masharti ya kwanza ya eSIM ni kwamba simu isiwe imefungwa na kampuni. Maelekezo husema: “Hakikisha simu yako imefunguliwa.” Baraka, kama sehemu nyingi za Kongo, kufungua simu, au kufungula kwa wanaobakiza l, ni kuiwasha, kuifunga ni kuizima. Msomaji anaitazama simu yake, inawaka, anaridhika kwamba sharti limetimia, analipa. Mwenye zawadi kutoka Marekani ndiye hasa wa kuathirika, na ndiye asiyejua. Kuimarisha sarufi hakutasaidia hapa, kwa sababu sentensi haina kosa la sarufi. Kinachohitajika ni kuitaja kampuni ndani ya sentensi: simu isiwe imefungiwa mtandao wa kampuni moja. Kiambishi cha kutendea, -i-, kimefanya kazi ambayo maelezo ya mistari mitatu yasingeifanya vizuri zaidi.

Changanua inahitaji maneno machache tu. Ni tafsiri iliyoenea ya kuelekeza kamera kwenye ule mraba wa madoa meusi na meupe uitwao msimbo wa QR. Mwanafunzi wa fasihi huambiwa achanganue shairi, naye hukaa nalo usiku kucha. Msafiri huambiwa achanganue mraba, na kazi imekwisha kwa kufumba na kufumbua. “Elekeza kamera kwenye mraba” lingetosha. Ila kuna jambo ambalo changanua inalificha: kwa laini nyingi mraba huo hutumika mara moja tu. Ukisha kutumiwa kwenye simu moja haukubali ya pili, na laini ikifutwa kwa bahati mbaya, mara nyingi haiwezi kurudishwa kwa mraba ule ule. Aliyezoea kadi, ambayo huhamishwa kutoka simu ya kaka hadi ya dada, hana sababu ya kulitegemea hilo asipoambiwa.

Kuna pia kichekesho cha reli. Njia nyepesi ya kujua kama simu ina uwezo wa eSIM ni kubonyeza *#06#. Namba ndefu ya tarakimu 32, iitwayo EID, ikionekana pamoja na namba nyingine za simu, uwezo upo. Mswahili wa Tanzania huisoma alama ya # kuwa alama ya reli. Kigoma jina hilo lina maana, kwani reli ya kati ilifika hapo mwaka 1914 na ingali inaonekana. Baraka hakuna reli, na mtu hujua alama hiyo kwa jina lake la Kifaransa, dyezi. Anayeandika kwa ajili ya pande zote mbili za ziwa na aichore tu alama yenyewe.

Msamiati wa matumizi nao umegawanyika kwa ziwa hilo hilo. Salio na vocha za Tanzania ni unite huku. Bando au kifurushi ni forfe. Na kiasi cha intaneti huitwa mega hata kinapokuwa kikubwa kuliko mega. Ingawa wapo watakaoona aibu kwa hali hii, hakuna msiba. Msafiri wa ziwa amekuwa na ndimi mbili za biashara tangu enzi za misafara ya Ujiji, na ndani ya siku moja ya Kigoma atasema vocha bila kufundishwa. Maneno ya bidhaa hujifunzwa sokoni. Vitenzi vya maelekezo havijifunzwi sokoni, kwa sababu msafiri huwa navyo peke yake, usiku wa kuamkia safari.

Lililo zuri kuliko yote katika msamiati huu ni ng'ambo. Baadhi ya maelekezo hulitumia kwa mtandao wa nchi ya nje, na hapo lugha sanifu imekutana na lugha ya ufuko bila kupanga. Kwa Mzanzibari, Ng'ambo ni upande wa pili wa Mji Mkongwe. Kwa mtu wa Baraka, ng'ambo ni upande wa pili wa ziwa lenye upana wa wastani wa kilomita 50: kule waliko ndugu waliokimbia, kule kunakotoka baadhi ya bidhaa, kule unakovuka kwa hofu ya upepo. Neno limebeba maji ndani yake. Laini ya ng'ambo ni jina ambalo mtu yeyote wa Ubwari angelielewa kabla ya kuelezwa, nalo linapendekezwa hapa badala ya laini ya kusafiria, ambayo haisemi inafanya kazi wapi. Aidha lina faida ya kuzusha swali linalotakiwa: ng'ambo ipi? Laini hizi huuzwa kwa nchi au kwa kundi la nchi, na iliyonunuliwa kwa Tanzania pekee haitashika Bujumbura.

Wazo la kuvuka na laini moja si geni katika eneo hili. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania chini ya mpango wa One Network, na mwaka 2007 ikauingiza Kongo, ili mteja avuke mpaka na kadi yake bila ada ya kuwa ugenini. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Kenya, Uganda na Rwanda nazo zilianza mwaka 2014 kupunguza ada za simu kati yao, na Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kabla ya hayo yote kulikuwa na foni, redio za masafa ambazo watu wa Kivu walipanga foleni ili kusikia sauti ya jamaa, kila mtu akisikiliza habari za kila mtu. Lugha ya foni ilikuwa fupi na ya wazi kwa sababu dakika zilikuwa chache. Waandishi wa maelekezo ya leo hawana mbano huo, na inaonekana.

Kuhusu muda, maelekezo husema “siku 7” na kunyamaza. Siku ya laini aghalabu ni saa 24 tangu dakika ilipoanza. Siku ya Mswahili ina mazoea mengine: usiku hutangulia, na Jumatatu usiku kwa wazee ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Zaidi ya hayo, saa ya Kivu ya Kusini iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja, na simu hujibadilisha yenyewe inapofika. Kwa safari ya siku saba kamili, tofauti hizi hutosha kuizima laini asubuhi ya kurudi, pale msafiri anapotafuta chombo. Sentensi moja ingetosha: itakwisha Jumatano ijayo, saa ile ile uliyoianza.

Limebaki neno zima. Maelekezo mengi humshauri msafiri azime laini ya nyumbani ili asitozwe ada za ugenini. Shauri hilo limeandikwa kwa mtu ambaye fedha zake ziko benki. Mtu wa Baraka fedha zake huweza kuwa ndani ya laini yenyewe, kwa njia ya M-Pesa, ambayo ilianza Kongo mwaka 2012. Na laini ya ng'ambo ya aina hii mara nyingi ni ya intaneti tupu, haina namba ya kupigiwa wala ya kupokea ujumbe wa siri wa kuthibitisha malipo. Akiizima laini ya nyumbani amejifungia sanduku na ufunguo ndani. Kinachopaswa kuzimwa ni intaneti ya laini ya nyumbani, si laini. WhatsApp itaendelea kwa namba yake ile ile ya +243, ikipita kwenye intaneti ya laini mpya, na jamaa waliobaki Fizi hawatahitaji kuambiwa namba nyingine. Sentensi inayofaa, basi, ni hii: “Laini ya nyumbani iache inawaka, izimie intaneti tu.” Ina maneno manane, na nafasi yake ni juu kabisa ya ukurasa, kabla ya mraba wa madoa.